Camaro ya 1969 kwenye Robo Maili: Kazi Huanzia Nyuma

Mtu akishanunua Chevrolet Camaro ya 1969 kwa nia ya kuifanya gari la mbio za mstari mnyoofu, jambo la kwanza analofanya ni kufungua boneti. Namwelewa. Injini kubwa ndiyo iliyoyapa sifa magari haya ya misuli ya Marekani, tangu mwaka 1964 Pontiac ilipoweka V8 ya inchi za ujazo 389 ndani ya gari la ukubwa wa kati na kuliita GTO. Lakini mbio hizi ni za robo maili, yaani mita 402, na gari huanza likiwa limesimama. Kinachoamua ni vipande viwili vya mpira vinavyogusa lami chini ya magurudumu ya nyuma. Fedha zikiwa chache, na kwa kawaida huwa chache, zianze kutumika huko.

Tupige hesabu. Chukua gari la kilo 1,500, asilimia 55 ya uzito ikiwa mbele, kwa sababu injini ya chuma imekaa huko. Ekseli mbili za Camaro zimeachana mita 2.74 hivi, tuseme kitovu cha uzito kiko nusu mita juu ya ardhi. Kwa matairi ya kawaida, ambayo mshiko wake ni kama 0.9 ya uzito yanaoubeba, gari hilo haliwezi kuchomoka kwa mchapuko unaozidi nusu ya ule wa kitu kinachoanguka kutoka juu. Injini iwe ya farasi 300 au 900, pale mwanzoni ni mamoja. Nguvu ya ziada inaishia kwenye moshi. Sasa lifunge matairi ya mbio yenye mshiko wa 1.6. Kikomo kinapanda zaidi ya mara mbili, na injini hujaigusa. Wakati huo kilo 280 hivi zinakuwa zimehama kutoka magurudumu ya mbele kwenda ya nyuma, zikiyakandamiza matairi yashike zaidi.

Wengi huamini kwamba springi laini ndizo zinazohamisha uzito. Sivyo. Kiasi kinachohama kinategemea mchapuko, kimo cha kitovu cha uzito na umbali kati ya ekseli. Springi na shokapu kazi yake ni kuamua uzito huo ufikeje: mapema au kwa kuchelewa, kwa utulivu au kwa kishindo. Ndiyo maana mbele hufungwa shokapu zinazoiachia pua ya gari iinuke upesi, kisha zikaizuia isishuke haraka.

Hapo ndipo udhaifu wa Camaro unapojitokeza. Nyuma inabebwa na springi za bapa, za aina ileile ambayo fundi yeyote wa lori au pikapu anaijua. Tairi linapolazimishwa kuzunguka kwenda mbele, ekseli nayo husukumwa kuzunguka kinyume chake, na pua ya difu inainuka. Springi inajikunja hadi kufanana na herufi S, inafika mwisho wa uvumilivu wake, inafyatuka na kurudi. Tairi linaruka, linatua, linaruka tena, na kila mruko unaweza kukata ekseli au kuvunja meno ya difu. Camaro za kwanza, za 1967, zilikuwa na bapa moja tu kila upande, na wenye injini kubwa waliuonja ugonjwa huu mapema. Mwaka 1968 kiwanda kiliweka shokapu moja mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake ili kuuzuia mzunguko huo. Kwa matumizi ya barabarani, dawa hiyo ilisaidia. Kwa matairi ya mbio haitoshi hata kidogo.

Anayetaka kulibakiza gari karibu na asili yake hufunga fimbo imara zinazoishika springi isijikunje. Anayetaka kwenda mbali zaidi huziondoa springi hizo kabisa, akaweka fimbo nne zinazoishika ekseli, mbili juu na mbili chini, pamoja na springi za kuviringa. Mimi hupenda njia hii ya pili, kwa sababu fimbo huwa na matundu kadhaa ya kufungia, na kwa kuhamisha boliti tundu moja tu unabadilisha namna gari linavyoikandamiza lami. Kabla ya hayo yote, sehemu ya mbele ya chesisi, ambayo kwenye Camaro ni fremu fupi iliyofungwa kwa boliti, iunganishwe na ya nyuma kwa mihimili ya chuma. Bila mihimili hiyo bodi inajisokota, na vipimo ulivyoviweka kwa uangalifu vinapotea. Betri nayo huhamishiwa kwenye buti, upande wa kulia, kwa kuwa msukumo wa propela shafti hulipunguzia uzito gurudumu la nyuma la upande huo.

Matairi yenyewe ni vipara kwa makusudi, na hujazwa upepo kidogo, mara nyingi chini ya nusu ya ule wa barabarani, ili ubavu ukunjamane wakati wa kuchomoka na mpira mwingi zaidi ulale juu ya lami. Ule moshi ambao watazamaji huushangilia kabla ya mbio una kazi yake: dereva anaupasha mpira joto na kuusafisha ili unate.

Giaboksi inayopendwa itamshangaza mgeni. Ni Powerglide, otomatiki ya gia mbili tu, ambayo Chevrolet iliianzisha mwaka 1950 kwa ajili ya magari ya familia. Ni nyepesi, haili nguvu nyingi za injini, na hubadilisha gia mara moja tu njiani. Ikiimarishwa ndani na kufungwa toki konveta inayoiacha injini ipande mizunguko kabla gari halijaondoka, inafanya kazi ambayo walioibuni hawakuifikiria.

Injini sasa inaweza kuja, nayo sitaizungumzia sana; V8 za Chevrolet zina vipuri vingi kuliko karibu injini nyingine yoyote. Ombi langu ni moja: usilikate gari adimu. Mwaka 1969 zilitengenezwa Camaro 69 tu za ZL1, zenye injini ya alumini ya inchi za ujazo 427, baada ya Fred Gibb, muuzaji wa magari wa Illinois, kuagiza 50 kwa ajili ya mbio. Bei yake ilizidi dola 7,000, na nyingi hazikununulika kirahisi. Leo ni hazina. Lakini Camaro zote za mwaka huo zilizidi 240,000, nyingine zikiwa na injini ya silinda sita. Tafuta mojawapo ya hizo, iliyokwisha kupoteza injini yake ya asili.

Kwenye usalama hakuna kubana matumizi. NHRA, chama cha mbio hizi kilichoanzishwa mwaka 1951 na Wally Parks, kinadai gari kama hili linalomaliza robo maili chini ya sekunde 10 liwe na kizimba cha mabomba ya chuma kumzunguka dereva, na linalofikia maili 150 kwa saa, kama kilomita 241, liwe na parachuti. Pete ya chuma inayoizunguka propela shafti ni muhimu vilevile: shafti ikikatika mbele na ncha yake ikachoma lami, inaweza kulirusha gari zima juu.

Baada ya kila mbio dereva hupewa karatasi ya muda. Macho yaende kwanza kwenye futi 60 za mwanzo, mita 18. Sehemu moja ya kumi ya sekunde ikiokolewa hapo, kwa kawaida mwishoni huonekana zaidi ya hiyo. Kasi ya mwisho ikiwa nzuri na futi 60 zikawa mbaya, injini haina kosa. Gari lipandishwe juu ya vigingi, na zile fimbo nne zipimwe upya pembe zake kabla mtu hajaigusa kabureta.