"Turn me on" ama "turn on me"? Hapa ndio ngeli huchomea wasee picha

Cheki hii. Uko na dem, stori imeshika kwa WhatsApp, na unataka kumwambia asikugeuke kama yule wa kwanza. Unaandika: "Please don't turn me on." Tiki za bluu hizo hapo. Manze, ulitaka kusema "don't turn on me." Maneno ni yale yale, "me" imeruka nafasi moja tu, na stori imetoka kwa usaliti ikaingia chumbani.

Kinachofanyika ni hiki. Kwa "turn on me," hiyo "on" imeshikana na "me", ziko pamoja. Kwa "turn me on," "on" ni ya kitenzi, "me" imepita tu katikati.

Utajuaje ni gani? Weka jina la kitu. "Turn off the TV" iko sawa, na "turn the TV off" pia iko sawa. Sasa jaribu "look the baby after." Hata mtoto mwenyewe atacheka. Kitenzi kikikubali kupasuliwa hivyo, basi "it", "me", "him" au "them" lazima iingie kwa hiyo nafasi: "turn it off", "drop me off", "call them back." Hakuna "turn off it." Kikikataa kupasuliwa, kiwakilishi kinakaa mwisho: "look after her", "wait for me."

Isome kwa sauti. "Turn it off": uzito unaangukia "off", ka "it" kanamezwa.

Kwetu hii kazi yote huisha ndani ya neno moja. "Izime", hiyo "i" ndio TV. "Nipigie" imebeba mimi na imebeba "kwa ajili ya", bila kuacha hata kipande nje. Kimbia, kimbilia, kimbiza, umemaliza. Mzungu yeye lazima atafute kaneno ka kando kila saa, ndio maana sisi hukaangusha njiani. "Pick me at the stage." "Huyu hapick simu." Nai kila mtu anashika, na sioni shida yoyote wasee wakiongea hivyo kwa mat. Lakini ukiwa kwa interview ya call centre, ama kazi ya mtandao na mteja wa Marekani, "pick me" ni nichague. Kukuja kukuchukua ni "pick me up." Halafu hiyo "up" tuliyoitupa hapo tunaenda kuibandika kwa "cope up with", mahali haitakikani kabisa. Ni "cope with", basi.

Na usijione mjinga. Samuel Johnson, jamaa wa ile kamusi ya Kiingereza ya 1755, alisema kwa utangulizi wake kwamba vitenzi vya hivi ndivyo husumbua wageni zaidi.

Ingine ya kuchunga, hasa ukiandikia mdosi barua ya kuacha kazi: "you saw me through" ni ulinishikilia mpaka nikavuka. "You saw through me" ni uligundua vile mimi ni mwongo. Wengi hushukuru kwa hiyo ya pili.