Kitambi Hakilali

Mwulize mwanamume mwenye kitambi kama amenenepa, naye huenda akakujibu kwamba bado anavaa suruali saizi ileile ya ujanani. Hadanganyi. Kilichohama ni mkanda: zamani aliufunga kiunoni, siku hizi anaufunga chini ya tumbo.

Mizani nayo husema nusu tu ya habari. Hospitalini hugawanya kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Jibu likifika 25 una uzito uliozidi, likifika 30 ni unene uliokithiri. Hesabu hiyo ni ya Adolphe Quetelet, mtakwimu wa Ubelgiji wa karne ya 19, aliyekuwa akimtafuta binadamu wa wastani, wala hakuwa na mgonjwa mbele yake. Haitofautishi misuli ya mpagazi wa bandarini na mafuta ya bosi wake.

Mafuta yamekaa wapi, hilo ndilo swali. Mwaka 1947 Jean Vague, daktari wa Marseille, aliandika kwamba walionenepa tumboni ndio wanaoandamwa na kisukari na maradhi ya moyo kuliko walionenepa makalio na mapaja. Mwaka 2005 utafiti wa INTERHEART, uliohusisha watu wapatao 27,000 katika nchi 52, ulionyesha kuwa uwiano wa kiuno na nyonga hubashiri shambulio la moyo vizuri kuliko hesabu ya Quetelet. Ajabu ni kwamba zahanati nyingi bado zina mizani tu, ilhali utepe wa fundi cherehani ungetosha. Unapitishwa katikati ya ubavu wa chini kabisa na mfupa wa nyonga, pumzi ikishatoka, bila kubana tumbo kwa aibu. Kiuno kisifike nusu ya urefu wako: mwenye sentimita 170 abaki chini ya 85.

Mafuta unayoweza kuyafinya kwa vidole yapo chini ya ngozi, na hayo yana nafuu. Yenye shari ni yale ya ndani, yanayozunguka utumbo. Hayo hayatulii: huachia asidi za mafuta, na damu inayotoka huko huingia moja kwa moja kwenye ini. Ini likisheheni mafuta huizoea insulini, homoni ya kudhibiti sukari, kama jirani wa mashine ya kusaga anavyozoea kelele, likaendelea kumwaga sukari kwenye damu hata mtu akiwa ametoka kula. Kongosho hujibu kwa kuongeza insulini, mwaka hata mwaka, na siku likishindwa ndipo daktari anatamka kisukari. Wakati huohuo chembe za mafuta hutoa kemikali za uvimbe zinazodhuru mishipa ya damu, figo hubakiza chumvi, na presha inapanda.

Kukoroma tunakufanyia mzaha, lakini mafuta ya shingoni na kwenye ulimi yanaweza kuziba njia ya hewa usingizini, pumzi ikakatika mara nyingi kwa usiku mmoja. Mara nyingi mwenzi wa kitandani ndiye anayegundua.

Kwa wanawake kuna jambo lisilosemwa vya kutosha. Baada ya hedhi kukoma, mafuta ndiyo yanayotengeneza sehemu kubwa ya homoni ya estrojeni, na hiyo ni sababu mojawapo ya unene kuhusishwa na saratani ya matiti katika umri huo na ile ya mji wa mimba. Kenya, katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015, wanawake waliozidi uzito au kunenepa kupita kiasi walikuwa asilimia 38.5, wanaume 17.5.

Si lazima mtu akonde kama mwanamitindo. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari walipewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi, kama kutembea kwa kasi, dakika 150 kwa wiki. Walioingia kwenye kisukari walipungua kwa asilimia 58 wakilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kwa mwenye kilo 90, asilimia 7 ni kilo sita na ushei. Majirani huenda wasione tofauti yoyote, lakini ini litaiona.