Muhuri wa Siku ya Kwanza

Kilichonikaa kichwani ni muhuri. Wakili wa kujitegemea niliyemfuata kumuuliza habari za kesi za uzembe hospitalini alinionyesha nakala ya barua, kona ya juu imegongwa kwa wino wa bluu: imepokelewa, tarehe, sahihi ya karani. Bila muhuri huo, anasema, mteja wake, mama aliyefiwa na mtoto leba, hana kesi.

Barua ni notisi. Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali ya Tanzania, Sura ya 5, inamtaka aliyeumizwa katika hospitali ya umma aeleze kwanza anadai nini na kwa nini, nakala impate Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha angoje siku 90. Tangu marekebisho ya 2020, halmashauri nazo zimo. Shauri hufunguliwa Mahakama Kuu, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe. Ukikosea hapo, huja pingamizi la awali, na shauri huondolewa kabla jaji hajasikia lolote kuhusu leba.

Ndiyo maana wakili huyu haamini posta. Kijana wa ofisi huipeleka notisi kwa mkono, nakala mbili, na haondoki masijala bila muhuri. Akiambiwa bosi hayupo, anakaa kwenye benchi. Tarehe ikififia, anaomba igongwe tena.

Kinachomuuma wakili si kungoja. Ni kwamba muda wote huo jalada la mgonjwa, lenye chati ya uchungu, maelezo ya nusu kaputi na jina la aliyekuwa zamu, liko mikononi mwa anayelalamikiwa, naye ameshaarifiwa. Mama ana kadi ya kliniki tu. Wakili huomba nakala ya jalada siku ileile ya notisi. Mara hujibiwa, mara kimya. Kifungu cha notisi hakina neno juu ya jalada. Serikali ina mawakili wake na imepewa miezi 3 ya kujiandaa; kwa nini karatasi za mama huyu zisilindwe kwa siku hizohizo?

Ukomo wa madai ya namna hii ni miaka 3. Baraza la Madaktari Tanganyika laweza kumfuta daktari kwenye rejista, lakini fidia haitoki huko. Na mahakamani atahitajika daktari wa kueleza mwenzake alipokosea. Wawili wamemwambia wakili faraghani kwamba mtoto yule angeokolewa. Hakuna aliyekubali kuyaandika.