Sura ya 7: Daftari la Bure Ndani ya Simu

Maungu ndicho kituo kikubwa cha biashara katika wadi ya Marungu. Kiko kando ya barabara kuu ya Mombasa–Nairobi, yapata kilomita 30 kabla ya Voi kwa anayetoka pwani. Wateja wa hapo ni wa namna mbili. Wapo wapitao: madereva wa malori na tanboi wao, wanaosimama kula, kuziba panchari au kulala. Wapo wakaao: walimu, wafugaji, wafanyakazi wa ranchi na wa mradi wa uhifadhi ulioko Rukinga. Wote hukopa, ila kwa kalenda mbili tofauti. Dereva hulipa akirudi kutoka Malaba. Mwalimu hulipa mshahara ukiingia. Mwenye hoteli hubeba kalenda zote mbili kichwani, pamoja na mkate wa kesho, namba ya fundi wa friji na ahadi ya mtu aliyesema ataleta mbuzi watatu Jumamosi.

Daftari la karatasi limebeba mzigo huu kwa miaka mingi, tena halihitaji chaji. Udhaifu wake ni kwamba liko mahali pamoja tu. Likiwa kaunta, mwenyewe aliyekwenda Voi kununua bidhaa hawezi kulisoma. Likilowa au likipotea, madeni hupotea nalo. Programu ya kumbukumbu kwenye simu huutibu udhaifu huo, na programu nyingi za aina hiyo hutolewa bure. Kazi iko kwenye kuchagua. Sura hii inashikilia jambo moja: kabla ya kuuliza programu inafanya nini, uliza utatokaje humo siku ukitaka kuihama.

Tenganisha maandishi yako

Maandishi ya biashara ndogo yako makundi matatu, na kosa la kawaida ni kuyatupia yote mahali pamoja.

Kundi la kwanza ni kumbukumbu za kazi: orodha ya kununua, bei za wauzaji wa jumla, oda za wateja, maagizo kwa mhudumu wa zamu ya usiku. Hapa ndipo programu ya kumbukumbu inapofaa kuliko chochote.

Kundi la pili ni madeni. Programu ya kumbukumbu inayaweza yakiwa machache, mradi kila mdaiwa awe na ukurasa wake na kila badiliko liandikwe na tarehe. Yakizidi watu thelathini au arobaini, kutafuta na kujumlisha kutakuchosha.

Kundi la tatu ni hesabu: mauzo, matumizi, faida na kodi. Kwa kawaida programu ya kumbukumbu haijumlishi. Ukiandika mauzo kila jioni humo, mwisho wa mwezi utarudi kwenye kikokotoo. Kazi hiyo ipeleke kwenye jedwali, kama Google Sheets, ambalo nalo ni la bure. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu za kodi zitunzwe kwa miaka mitano, kwa hiyo usizichanganye na orodha ya nyanya.

M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, imekwisha kukupunguzia sehemu ya kuandika. Ujumbe wake unataja nani ametuma, kiasi gani na saa ngapi. Usichokipata humo ni sababu ya malipo. Kwa hiyo usinakili miamala. Andika lile ambalo M-Pesa hailijui: kwamba shilingi 1,200 za Jumanne zilikuwa za maji ya bowsa, na bado mapipa mawili hayajaletwa.

Kwa nini WhatsApp haitoshi

Wafanyabiashara wengi tayari wana programu ya kumbukumbu bila kuiita hivyo: hujitumia ujumbe WhatsApp. Novemba 2022 programu hiyo ilirasimisha desturi hii kwa kukuwezesha kuzungumza na namba yako mwenyewe. Kwa jambo la leo na kesho inatosha. Kwa deni haitoshi, kwa sababu ujumbe unaweza kuhaririwa ndani ya dakika 15 tu baada ya kutumwa. Deni la shilingi 600 lililolipwa nusu litahitaji ujumbe mpya, kisha mwingine, na baada ya wiki mbili utakuwa unapanda na kushuka ukitafuta ujumbe wa mwisho kuhusu mtu mmoja. Kumbukumbu ya kazi lazima iweze kufutwa, kuongezwa na kupangwa upya hata baada ya mwezi.

Maswali manne

La kwanza: je, inaandika bila mtandao? Kando ya lami hili halionekani kuwa swali, lakini ukiiacha barabara kuu kuelekea Kasigau kununua mbuzi, ndipo utakapolijua. Programu nzuri huhifadhi maandishi kwenye simu kwanza, kisha hupeleka nakala kwenye kompyuta za kampuni mtandao ukirudi. Uliza pia yanatokea nini watu wawili wakihariri ukurasa mmoja, wote wakiwa nje ya mtandao. Baadhi ya programu huchukua badiliko la mwisho na kulitupa la kwanza. Nyingine, kama Joplin, huweka nakala zote mbili ili uamue mwenyewe. Kwa orodha ya sukari na mafuta si neno. Kwa deni ni ugomvi.

La pili: kikomo cha bure kiko wapi? Maandishi yenyewe ni mepesi mno: herufi elfu moja huchukua takriban kilobaiti moja. Picha moja ya risiti yaweza kufika megabaiti tatu, yaani mara elfu tatu ya hapo. Kwa hiyo bando lako na nafasi yako ya bure huliwa na picha. Ukipiga risiti, punguza ukubwa wa picha kwanza.

La tatu: wafanyakazi wataingiaje? Angalia kama unaweza kumpa mhudumu ukurasa mmoja wa maagizo bila kumfungulia ukurasa wa madeni.

La nne, ambalo wengi hulisahau: unatokaje? Biashara ya programu za bure hubadilika, na mtumiaji haulizwi. Wunderlist, orodha ya kazi iliyopendwa sana duniani, ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2015 na kufungwa Mei 2020. Evernote, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2008 na kuwa jina kubwa katika fani hii, ilipata mmiliki mpya, Bending Spoons ya Italia. Desemba 2023 akaunti za bure ziliwekewa kikomo cha kurasa 50 na daftari moja. Aliyekuwa na kurasa mia tatu humo hakunyang'anywa alizoziandika, lakini hakuweza tena kuongeza bila kulipa. Ni kama kibanda ulichopewa bila kodi: unachopaswa kukagua mapema ni kama mlango unatosha kupitisha meza zako siku ya kuhama.

Programu zenyewe

Google Keep, iliyoanza Machi 2013, ndiyo rahisi kuanza nayo kwa sababu simu nyingi za Android zina akaunti ya Google tayari. Ina orodha za kuweka tiki, rangi, vikumbusho na sauti inayogeuzwa kuwa maandishi. Inafanya kazi bila mtandao, na ukurasa mmoja unaweza kushirikishwa kwa barua pepe ya mwenzako. Haina folda, hutumia lebo. Kutoka kwake ni kupitia huduma iitwayo Google Takeout, inayokupa faili za kurasa zako zote. Tahadhari iko kwenye nafasi: gigabaiti 15 za bure hugawanywa kati ya barua pepe, picha na faili, na tangu 2024 nakala za WhatsApp kwenye Android nazo zinahesabiwa humo. Video za makundi ya harusi zinaweza kuijaza akaunti ya biashara mpaka barua pepe ziache kuingia.

Microsoft OneNote imepangwa kama daftari lenye sehemu na kurasa, na sehemu moja inaweza kufungwa kwa nenosiri lake. Nafasi ya bure ni gigabaiti 5. Inamfaa mwenye kompyuta, maana kulitoa daftari zima kwa simu peke yake ni kazi ngumu.

Notion ina nguvu nyingi: majedwali, kalenda, kurasa ndani ya kurasa. Kwa miaka mingi ilitegemea mtandao. Uwezo wa kufanya kazi nje ya mtandao ulikuja Agosti 2025. Mpango wake wa bure ni mpana kwa mtu mmoja, lakini ukiongeza wanachama kwenye eneo lako la kazi unakutana na kikomo. Kwa kibanda cha matairi ni mzigo usiohitajika.

Simplenote, ya kampuni ya Automattic, ni maandishi matupu, bila picha. Ni nyepesi, na kutoa maandishi yote ni rahisi. Joplin ina msimbo huria, na unaweza kuhifadhi nakala kwenye Dropbox, inayotoa gigabaiti 2 bure. Obsidian huacha maandishi yako kama faili za kawaida ndani ya simu au kompyuta yako, zinazofunguka hata bila programu yenyewe. Hadi Februari 2025 matumizi ya Obsidian kwa biashara yalitakiwa kulipiwa; sasa hayalipiwi. Huduma yake ya kusawazisha simu na kompyuta bado inalipiwa. Kisa hicho kina funzo lake: bure kwa mtu binafsi si lazima iwe bure kwa biashara, kwa hiyo soma masharti.

Akaunti ni ya nani?

Programu yoyote kati ya hizi ina thamani sawa na akaunti inayoishikilia. Simu nyingi hufunguliwa akaunti ya Google na kijana wa duka siku zinaponunuliwa, na mwenye simu huondoka bila kujua barua pepe yake wala nenosiri. Mambo huenda vizuri mpaka simu iibiwe. Hapo kumbukumbu zipo, ziko salama, na mwenyewe hana namna ya kuzifikia.

Fungua akaunti mpya kwa jina la biashara. Weka namba ya simu unayoitumia kila siku iwe ya kurejesha akaunti, na andika nenosiri kwenye karatasi ibaki nyumbani. Usitumie akaunti ya mfanyakazi, hata akiwa mtoto wa dada yako, kwa sababu akihamia Mombasa daftari litahama naye. Akaunti isiyoguswa kwa miaka miwili nayo inaweza kufutwa na Google.

Siri za wateja

Jina la mtu, namba yake na deni lake ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019. Kanuni za 2021 ziliwasamehe kujisajili wenye mauzo yasiyofika shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika kumi, lakini baadhi ya shughuli, zikiwemo afya, elimu, huduma za fedha na ukarimu, hazimo katika msamaha huo. Mwenye hoteli au nyumba ya kulala wageni aulize kwanza. Aliyesamehewa kujisajili bado ana wajibu wa kutunza taarifa hizo.

Kwa vitendo, weka namba ya siri kwenye simu, usiandike namba za vitambulisho usizozihitaji, na kurasa za madeni usimshirikishe asiyehusika. Ukitaka hata kampuni yenyewe isiweze kusoma, Standard Notes hufunga maandishi kabla hayajaondoka kwenye simu, na Joplin inaweza kuwekwa hivyo. Ukilipoteza nenosiri la namna hiyo, hakuna ofisi itakayokufungulia.

Kuchagua

Mwenye hoteli mwenye wahudumu wawili na simu za Android achukue Keep kwa maagizo na orodha, na jedwali kwa hesabu. Fundi wa matairi anayefanya kazi peke yake atatosheka na Simplenote. Kikundi cha akina mama wanaosuka vikapu, chenye katibu mwenye kompyuta na oda za kupangwa kwa mteja na kwa mwezi, kitafaidika na OneNote. Dalali wa mifugo anayezunguka vijijini ajaribu Joplin, inayoandika nje ya mtandao na kutunza nakala zikigongana.

Kabla ya kuhamishia chochote cha kweli, andika kurasa kumi za majaribio: orodha, deni la kubuni, picha ya risiti. Zima mtandao uhariri mbili kati yake, uuwashe, uone kilichobaki. Kisha toa zote kumi, uzitume kwenye simu nyingine, uzifungue. Zikifunguka na zikasomeka, anza kazi, na urudie kuzitoa kila mwezi siku unayolipa kodi ya chumba. Zisipofunguka, tafuta nyingine. Programu iliyoshindwa kukurudishia kurasa kumi leo haitakurudishia elfu mbili mwakani.