Sura ya Tano: Dozi ya Sauti kwenye Barabara ya Bagamoyo

Gari la kutoka Makumbusho kwenda Bagamoyo, foleni ikiwa nafuu, huchukua kama saa moja na nusu. Hadi Bunju ni kushuka na kupanda: konda anaita vituo, honi zinalia, redio ya dereva inanguruma, bodaboda zinapita pembeni. Ukishavuka Mapinga barabara inafunguka, dereva anakanyaga mafuta, na kwa kuwa madirisha yote yako wazi kwa sababu ya joto, upepo na injini vinapokea zamu ya konda. Humo ndani utawaona vijana, na siku hizi hata watu wazima, wamechomeka hedifoni. Huyu anasikiliza singeli, yule taarabu, mwingine mawaidha, mwingine uchambuzi wa mpira. Wazazi hulaumu singeli peke yake, na hapo wanakosea. Sikio halibagui wimbo na hotuba. Linahesabu nguvu ya sauti na muda, basi.

Kwa hiyo tuutazame mkono wa huyo abiria. Alipopanda Makumbusho aliweka sauti katikati. Gari lilipoondoka alibonyeza kitufe mara moja, Tegeta akabonyeza tena, Mapinga akabonyeza mara mbili. Hakuwa na tamaa ya makelele. Alitaka tu kuusikia wimbo vilevile alivyousikia kituoni, na kila kelele za nje zilipopanda ilimbidi wimbo nao upande juu yake. Kwenye gari kuukuu lenye madirisha wazi, kelele peke yake hufika desibeli 80 kwa urahisi, hivyo muziki unaozishinda unakwenda mbali zaidi ya hapo. Yeye hahisi ongezeko lolote, maana anachopima ni umbali kati ya muziki na kelele, na umbali huo haujabadilika. Atashtuka akishuka stendi ya Bagamoyo, penye utulivu kidogo, asikie wimbo uleule unapiga kelele kichwani.

Ni kiasi gani basi kinachodhuru? Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani na shirika la kimataifa la mawasiliano walitoa viwango vya usikilizaji salama kwa simu na vifaa vya muziki. Kwa mtu mzima, kikomo ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa mtoto ni desibeli 75 kwa saa hizohizo. Kila desibeli tatu zinapoongezeka, nguvu ya sauti inakuwa maradufu, na muda ulioruhusiwa unakatwa nusu: desibeli 83 zina saa 20, 86 zina saa 10, 89 zina saa 5, 92 zina saa mbili na nusu. Mtego uko hapa: nguvu inaongezeka maradufu, lakini kwa msikilizaji desibeli tatu ni badiliko dogo mno, pengine asiligundue.

Sasa mpigie hesabu abiria wetu. Akisikiliza kwa desibeli 92 asubuhi kwenda Dar es Salaam na jioni kurudi, saa moja na nusu kila upande, dozi yake ya wiki nzima inaisha Jumatatu jioni kabla hajafika nyumbani. Bado Jumanne haijaingia. Mwenzake aliyekaa kiti cha nyuma, mwenye wimbo uleule kwa desibeli 80, anaweza kusafiri hivyo Jumatatu hadi Jumamosi akatumia saa 18 tu kati ya 40.

Madhara yenyewe hutokea ndani kabisa. Sauti inatikisa kiwambo cha sikio, mifupa mitatu midogo inapokeza mtikisiko huo, na hatimaye unaingia kwenye koklea, mfereji uliojisokota uliojaa majimaji. Humo kuna seli zipatazo 15,000 zenye vinyweleo vidogo sana, ambazo hugeuza mtikisiko kuwa taarifa ya ubongo. Sauti kubwa ya muda mrefu huzichosha seli hizi, na zikichoshwa mara kwa mara hufa. Mwaka 1988 watafiti walionyesha kwamba kuku na kware huota seli mpya baada ya zile za zamani kuharibiwa. Binadamu hana bahati hiyo. Seli tulizozaliwa nazo ndizo tutakazozeeka nazo, na jitihada za kuzifufua kwa dawa bado hazijafanikiwa.

Seli hazifi zote kwa pamoja. Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa karibu sentimita mbili na nusu, limefunguka upande mmoja na kuzibwa na kiwambo upande wa pili. Kama chupa ya soda inavyotoa mlio wake maalumu ukiipuliza mdomoni, tundu hili nalo lina mlio wake: huzikuza sauti nyembamba za mitetemo kama 3,000 kwa sekunde. Kwa sababu hiyo kelele hupiga kwanza seli zinazoshughulikia sauti za jirani na hapo, hasa karibu na 4,000. Ni eneo linalobeba s, t, f na k. Irabu ziko chini zaidi, kwa hiyo zinabaki.

Nenda mnada wa samaki pale ufukweni Bagamoyo asubuhi, wakati mnadi anataja bei na wachuuzi wanapandishiana, uone maana ya jambo hilo. Elfu sita na elfu tisa zina irabu zilezile, kwa mpangilio uleule. Kinachozitofautisha ni s na t, mwanzo na katikati. Mtu aliyepoteza sauti nyembamba anasikia kwamba bei imetajwa, anamsikia mnadi vizuri tu, ila hajui ni bei gani. Ataapa kwamba masikio yake ni mazima na kwamba watu wa siku hizi wanaongea kwa kumung'unya. Upotevu wa namna hii hauanzi na ukimya, na ndiyo maana watu huchelewa miaka mingi kuutambua.

Dalili ya mapema zaidi ni mlio. Wazee wa pwani waliowahi kunywa kwinini kwa malaria wanaufahamu: masikio yanalia nzii, na maneno ya watu yanasikika kwa mbali. Mlio wa kwinini kwa kawaida huondoka dawa ikiisha mwilini. Unaotokana na muziki nao mara nyingi huondoka ndani ya siku moja au mbili, na mtu husema amepona. Mwaka 2009 Sharon Kujawa na Charles Liberman, watafiti wa Marekani, walionyesha kwa panya kwamba usikivu unaweza kurudi kama zamani kwenye kipimo, huku sehemu kubwa ya maungio kati ya seli na neva yakiwa yamekatika moja kwa moja. Kwa binadamu suala hili bado linachunguzwa, lakini mimi ushahidi huo unanitosha: masikio yakilia, muziki uzimwe siku hiyo, na kesho yake pia.

Wanaonipa wasiwasi zaidi ni wanafunzi wa muziki. TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa Bagamoyo, inafundisha ngoma, na ngoma inayopigwa kwa nguvu karibu na sikio inaweza kupita desibeli 100. Mwanafunzi akitoka mazoezini ameshatumia sehemu ya dozi yake kabla hajagusa simu. Mtu kama huyo hedifoni za jioni azisikilize kwa sauti ya chini sana, au apumzike, na mazoezini avae vizibo vya masikio.

Abiria wa Makumbusho ana njia rahisi kuliko anavyofikiri. Sauti ya simu iwekwe nyumbani, penye ukimya, pale inapotosha kusikia maneno yote. Kisha garini kitufe kisiguswe. Ikiwa wimbo hausikiki, kelele zimeshinda, na hapo ni kuzima hadi gari lisimame au kukubali kusikia nusu. Hedifoni zenye mpira unaoziba tundu sawasawa zinasaidia sana kwa sababu zinazuia kelele kuingia. Jaribu saizi zote za mpira zilizomo kwenye boksi, maana mpira mdogo kuliko tundu lako hauzibi kitu. Zile zinazofuta kelele kwa umeme zinafaa zaidi kwa mngurumo wa injini, ila bei yake si ya kila mtu. Na onyo linalojitokeza kwenye simu unapopandisha sauti lisipuuzwe, ingawa simu hukadiria tu ikiwa haizijui hedifoni ulizovaa.

Tanzania ina kanuni za viwango vya kelele za mwaka 2015, na zinaweza kumgusa mwenye baa au kiwanda. Haziingii kwenye sikio lako. Matibabu nayo yana mipaka. Hospitali ya Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya kusikia ndani ya koklea mwaka 2017, na kwa mtoto aliyezaliwa kiziwi ni msaada mkubwa, lakini kifaa hicho hupeleka sauti kwa ncha chache za umeme, kwa kawaida 12 hadi 22, mahali pa maelfu ya seli. Mazungumzo hupita, muziki hupita kwa shida.

Sikio likiziba ghafla, ndani ya siku tatu au pungufu, bila nta wala mafua, muone daktari wa masikio, pua na koo siku hiyohiyo, kwa sababu dawa zake hufanya kazi zikiwahi. Kama ni kipimo cha kawaida cha usikivu, usivae hedifoni wala usiende kwenye muziki tangu jana yake mchana. La sivyo mashine itaandika uchovu wa usiku uliopita, na daktari atakutibu kwa majibu yasiyo yako.