Afya ya akili ya wanafunzi wa udaktari (2): Anayesikiliza asiwe anayetoa alama

Juma lililopita tulieleza sonona ni nini na inavyotofautiana na huzuni ya kawaida. Leo tuwatazame watu ambao wengi wetu tungedhani wana kinga nayo: wanafunzi wa udaktari.

Mwaka 2016 jarida la JAMA la Marekani lilitoa uchambuzi wa tafiti 195 kutoka nchi 47. Asilimia 27 ya wanafunzi hao walikuwa na sonona au dalili zake, na asilimia 11 walikuwa na mawazo ya kujiua. Linalotisha zaidi ni kwamba kati ya waliogundulika na dalili za sonona, asilimia 16 tu ndio waliotafuta matibabu. Wanaojua dawa iliko hawaiendei.

Kwa nini? Tuanze na nyumbani. Hapa Kolwezi, kijana akishaingia kitivo cha udaktari, mtaa mzima unamwita "docta" kabla hajashika sindano. Baba mdogo amechangia karo, dada ameuza mihogo sokoni ili apate pesa za vitabu. Siku akirudia mwaka, haoni amefeli mtihani. Anaona ameuangusha ukoo.

Kisha huja stazhi, yaani mafunzo ya vitendo hospitalini. Katika ukanda huu wa shaba na kobalti, zamu ya usiku huweza kumleta mchimbaji aliyefukiwa na udongo shimoni. Juni 2019, makumi ya wachimbaji walikufa udongo ulipoporomoka katika mgodi wa KOV, hapa hapa jirani. Usiku mwingine ni mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria, na mama yake kando ya kitanda anahesabu faranga kama zitatosha. Mtoto akikata roho saa tisa usiku, mwanafunzi hunawa mikono, hujaza faili, na asubuhi anatakiwa kuueleza ugonjwa ule mbele ya mwalimu bila sauti kutetemeka.

Hapo ndipo penye fundo. Wataalamu wa magonjwa ya akili ni wachache mno nchini Kongo. Lubumbashi kuna kituo cha Joseph Guislain, lakini ni mwendo wa kilomita 300 hivi. Aliye karibu na mwanafunzi ni daktari yule yule anayemfundisha wodini na kumsahihishia mtihani. Nani atamfungulia moyo mtu mwenye kalamu ya alama mkononi? Wengine hukimbilia chumba cha maombi. Sala humfariji mtu, wala haimzuii kutibiwa. Lakini akiambiwa kwamba amerogwa tu, ugonjwa hubaki palepale.

Kwa hiyo vitivo vyetu, vya Kolwezi na vya Lubumbashi, vitenganishe mambo haya mawili: anayesikiliza asiwe anayetoa alama, na maneno ya mgonjwa yasifike ofisi ya mitihani. Si lazima kungoja bingwa. Tangu 2008, Shirika la Afya Duniani lina mpango wa mhGAP unaowawezesha wauguzi na madaktari wa kawaida kutambua na kutibu sonona.

Nanyi wanafunzi, mna kazi. Mwenzenu akijitenga, akigawa vitu vyake, akisema yeye ni mzigo kwa watu, muulizeni waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Tafiti zimeonyesha kwamba swali hilo halimpandikizii mtu wazo, mara nyingi humtua mzigo. Akikubali, msimwache peke yake. Ondoeni karibu naye chochote cha kumdhuru, mwiteni ndugu anayemwamini, mfikisheni hospitali siku hiyo hiyo.

Na wewe unayesoma haya huku umechoka kuishi: usingoje matokeo ya mtihani wala siku utakayojiona jasiri. Sonona inatibika, na mawazo hayo hupungua mtu anapopata msaada. Mwambie mtu mmoja leo.

Juma lijalo: wazazi wafanye nini mtoto anaporudia mwaka.