Mboga Bila Udongo: Unguja Iyajue Kwanza Maji Yake

Ukitoka Mjini kuelekea mashariki, ukishapita msitu wa Jozani, udongo unaanza kukuacha. Kinachofuata hadi Jambiani na Makunduchi ni uwanda: jiwe la matumbawe lenye vishimo vya udongo hapa na pale, na mkulima hupanda kishimo kimoja kimoja. Mji Mkongwe nao hauna hata vishimo hivyo. Nyumba zimebanana, na tungule nyingi zinazouzwa soko la Darajani zimevuka bahari kutoka Bara. Ndiyo maana habari ya kilimo bila udongo, yaani haidroponiki, inastahili kusikilizwa hapa kwa makini kuliko kwenye bonde lenye rutuba.

Sayansi yake si ngeni. Tangu miaka ya 1860 Wajerumani Julius von Sachs na Wilhelm Knop walionyesha kwamba mmea hukua ndani ya maji matupu, mradi chumvi za madini unazozihitaji zimeyeyushwa humo. Udongo huushikilia mmea na kuuwekea akiba ya chakula. Kazi zote mbili zinaweza kufanywa na kitu kingine. Mwaka 1945 Jeshi la Marekani lilistawisha mboga kwa njia hiyo kwenye Kisiwa cha Ascension, mwamba wa volkano katikati ya Atlantiki. Na kinamama wa Paje na Jambiani, walioanza kulima mwani wa biashara mwaka 1989, wamevuna kwa miaka mingi zao ambalo halina hata mizizi na linapata lishe yake yote kutoka maji ya bahari. Wao wanajua pia kwamba maji yakizidi joto, mwani wa aina ya kotoni hufa.

Jambo hilohilo ndilo litakaloamua kama mboga zitastawi. Maji yenye nyuzi joto 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika 30, hubaki takriban 7.5, na wakati huohuo mizizi inahitaji kupumua zaidi. Mizizi ikikosa hewa hugeuka kahawia, ikaoza. Kwa hiyo chombo kikae kivulini, kipakwe rangi nyeupe, na kisiachwe juu ya bati la moto.

Kisha kuna chokaa. Maji ya visima vya Unguja hupita kwenye mawe ya matumbawe, yakatoka na chokaa nyingi. Mizizi hupenda maji yenye uchachu kidogo, kipimo cha pH kati ya 5.5 na 6.5. Kikizidi hapo, madini ya chuma hujitenga na mmea hauwezi kuyanyonya: majani machanga huwa manjano huku mishipa ikibaki kijani, na mkulima huongeza mbolea bure. Visima vya karibu na pwani vinavyovutwa kupita kiasi huingiza chumvi ya bahari juu ya hayo. Maji ya mvua hayana matatizo haya. Unguja hupata wastani wa milimita 1,600 hivi kwa mwaka, na paa la mita za mraba 50 hupokea kwa hesabu lita 80,000. Hata ukikinga robo yake tu, bustani ndogo ya nyumbani itatosheka.

Mbolea nayo isichukuliwe ovyo. Yuria inayofaa shambani haifai kwenye chombo cha maji, kwa sababu ni vijidudu vya udongoni vinavyoigeuza kuwa naitreti, na ndani ya maji vijidudu hivyo ni vichache. Tafuta mbolea inayoyeyuka yote, iliyotengenezwa kwa kazi hii.

Mfumo wa pampu unaozungusha utando mwembamba wa maji kwenye mabomba unavutia macho, lakini umeme ukikatika kwenye joto letu mimea hunyauka ndani ya saa chache. Wazanzibari hawajasahau giza la mwezi mzima mwaka 2008, wala lile la miezi mitatu lililoanza Disemba 2009. Mimi ningemshauri anayeanza achague njia iliyoenezwa na Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii: ndoo iliyofunikwa, mche ukaning'inia kwenye tundu la kifuniko. Kadiri maji yanavyopungua, mizizi ya juu hubaki hewani ikapumua. Hakuna pampu. Inafaa mboga za majani. Mtungule mkubwa utaishiwa maji upesi.

Wanaotamani mapaa ya Mji Mkongwe wakumbuke uzito. Pipa la lita 200 ni kilo 200, na dari za nyumba hizi za mawe na chokaa hubebwa na boriti za mikoko, nyingi zikiwa zimechoka. Sehemu ya jumba la kale la Beit al Ajaib iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, na watu wawili wakafariki. Mwite fundi anayezijua nyumba za kale kabla hujapandisha ndoo ya kwanza.

Wenye kutaka kitu cha kushikilia mizizi wanayo makumbi ya nazi. Ila yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya usumba yamejaa chumvi, na lazima yasafishwe kwa maji baridi mara kadhaa.

Kwa afya, tusidanganyane: mboga hizi hazina lishe zaidi kwa sababu tu hazikugusa udongo. Faida yake ni kukwepa mayai ya minyoo na sehemu ya dawa za wadudu. Maji yakiwa machafu, vimelea vitafika kwenye majani vilevile, kwa hiyo kuosha kunabaki palepale. Ndoo iliyo wazi ni mazalio ya mbu wa Aedes anayeeneza dengi. Kifuniko kisichopitisha mwanga huzuia mbu na utando wa kijani kwa pamoja.

Saladi ina soko kwenye hoteli, lakini karibu yote ni maji. Familia ianze na mchicha, wenye chuma na vitamini A. Anayesitasita kununua mbolea aweke kwanza kijiti cha nanaa kwenye glasi ya maji dirishani. Mizizi huonekana ndani ya wiki moja au mbili.